Nyumba ya Mwanahamisi

Nakumbuka siku moja kule Makote, mwanangu Salma, siku niliyokimbilia ndoo ya maji ya kuoga, na hasira yake haijanitoka mpaka leo. Kaa hapo. Hapana, weka chini hicho kishikwambi chako kwanza. Jana umekuja hapa Masasi unacheka, unaniambia timu yako imemaliza kijiji siku mbili kabla ya wakati, na kwamba nyumba mbili mlizikuta zimefungwa mkachukua za jirani. Nilinyamaza kwa sababu kulikuwa na wageni. Leo hakuna wageni.

Nilikuwa kama wewe. Nesi kijana, nimepewa watu wanne, gari, mizani, ubao wa kupimia urefu na utepe wa kuzungusha kwenye mkono wa mtoto. Utafiti wa lishe na afya ya kaya, nchi nzima. Nyumba zilichaguliwa kwa kura huko juu, na tulifundishwa wiki nzima kwamba nyumba iliyochaguliwa haibadilishwi. Usipomkuta mtu unarudi, na usipomkuta tena unarudi tena. Kanuni hiyo niliisema vizuri kuliko aliyetufundisha. Nilijiona, wee!

Tulilala Newala mjini, kwenye nyumba ya wageni, na shida ya maji ya pale unaijua mwenyewe. Ndoo moja kwa kila mtu, na anayechelewa anakuta zimeshagawiwa. Basi ikifika saa nane mchana timu nzima ilikuwa inatazama gari. Siku hiyo ilibaki nyumba moja tu, ya mama mmoja aitwaye Mwanahamisi, mwisho kabisa wa kijiji, tukaikuta mlango umefungwa kwa kamba. Balozi wa nyumba kumi aliyekuwa akituongoza, Mzee Likwata, alituambia kwamba mwenye nyumba ameteremka bondeni kufuata maji tangu alfajiri, mtoto yuko mgongoni, na saa kumi atakuwa amepanda. Akaomba tumsubiri.

Sikusubiri. Nilitazama saa, nikavuka uwanja kwenda kwa jirani. Pale palikuwa na mtoto mnene, mchangamfu, akalala kwenye ubao bila hata kulia. Nikampima, nikaandika vipimo vyake kwenye namba ya nyumba ya Mwanahamisi. Mzee Likwata akasema hiyo siyo nyumba iliyoandikwa. Mimi, mtoto wa juzi, nikamjibu mbele za watu kwamba mambo ya kitaalamu aniachie mwenyewe. Jioni nikaoga.

Baada ya wiki tatu msimamizi wetu mkuu alinirudisha Makote kukagua upya nyumba chache, na ya Mwanahamisi ikawemo. Safari hii nilimkuta. Alinipa kiti, akanipa kikombe cha maji, maji yale yale ya kupanda nayo mlima, nami nikayanywa. Halafu akamleta binti yake, Rehema. Miaka miwili, nywele zimekuwa nyekundu, nyayo zimejaa. Nilibonyeza mguu kwa kidole gumba, nikaondoa kidole, shimo likabaki; ule haukuwa unene, ulikuwa uvimbe wa utapiamlo. Nikamuuliza mama tangu lini. Akasema tangu kabla ya siku ile tuliyokwenda mara ya kwanza, ila yeye alifurahi, alidhani mtoto ananenepa.

Tulimpakia kwenye gari tukakimbia naye hospitali, Newala. Aliishi siku nne.

Nilikwenda mazikoni. Nilitaka Mzee Likwata anifokee, ningeshukuru. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akasema taratibu, bila ya mtu mwingine kusikia, "Binti yangu, yule mtoto wa jirani uliyempima alikuwa mzima. Alikuwa mzima hata kabla hujampima." Akarudi kukaa na wenzake.

Na wewe unakuja kunichekea na nyumba zako mbili! Unadhani mlango unafungwa bure? Mama unayemkuta nyumbani saa nne asubuhi ana nafuu, maji anayo au ana mtu wa kumchotea. Usiyemkuta yuko bondeni, au analala kwenye kibanda cha shamba akiokota korosho za watu, au yuko porini anachimba ming'oko, mizizi ya porini, kwa sababu ndani hakuna unga. Huyo ndiye mliyetumwa kwake. Ukimruka, karatasi zako zitapendeza, na huko zinakosomwa watasema watoto wa huku wanakula vizuri. Nakukasirikia, Salma, sikufichi. Ila ninayemkasirikia zaidi ni yule nesi aliyeoga jioni ile.

Basi ninachokuambia ni hiki. Kesho utarudi kwenye zile nyumba mbili. Utamuuliza balozi wenyewe wanarudi saa ngapi, na saa hiyo ndiyo yako, hata mkilala hamjaoga. Ulichojaza kwa uongo ukifute, umwambie msimamizi wako ukweli. Akikufukuza, chakula hapa kipo. Na ukionyeshwa mtoto aliyenenepa ghafla, usimsifie kabla hujabonyeza miguu yake.

Mungu akutangulie, mwanangu. Akupe miguu isiyochoka na macho yanayoona, na awaweke hai watoto wa nyumba zile mpaka ufike. Sema amina, halafu nenda kafunge mizani yako.