Kifuniko cha Mulombwa

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu sikuupenda mji wa Élisabethville, na sikumficha mtu jambo hilo. Nilizaliwa upande wa Moba, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, nyumba yetu hatua chache kutoka majini, baba yangu akiunda mitumbwi ya mbao. Mume wangu alinitoa huko akanileta katika nyumba ya matofali kwenye kambi ya wafanyakazi. Asubuhi ukifungua mlango unaona dohani ndefu ya kiwanda cha shaba, na nguo nyeupe ukizianika unazianua zimekuwa za kijivu. Maji tulichota kwenye bomba moja, ndoo zimepangwa foleni. Mimi, kupanga foleni ya maji! Siku ya kwanza nililia kwa hasira. Siku ya pili nikalia tena, safari hiyo kwa huzuni.

Mwezi wa nane, kiangazi kikiwa kikali na vumbi limejaa hadi kwenye chumvi, nikamwambia wazi.

“Mvula ya kwanza ikinyesha na roho yangu ikingali vile, miye napanda treni, narudia kwetu.”

Aliendelea kunoa patasi yake. Alikuwa fundi wa samani, na watu wa kazi ile hupima kwanza. Chini ya kitanda kulikuwa na sanduku alilonitengenezea la arusi, la mti wa mulombwa, mwekundu, kifuniko chake ubao mmoja mpana usio na kiungo. Nikaanza kupanga vitenge vyangu humo, kimoja kimoja, na nilihakikisha ananiona.

Wiki mbili baadaye alirudi kazini anacheka peke yake, nusura aangushe baisikeli.

“Mama, nimekuletea ziwa. Lakini iko kadogo.”

Mzungu aliyekuwa na karakana yao alikuwa anarudi Ulaya, na mashua yake ndogo ya tanga ilikuwa imelala kifudifudi huko Karavia, kando ya ziwa la mji, kiangazi cha pili sasa. Alimpa mume wangu, pamoja na barua ya kumwonyesha mlinzi, maana pale hapakuwa mahali petu. Wazungu walikuwa na klabu yao na gati lao. Sisi tuliruhusiwa Jumamosi mchana tu, upande wa matete, na tusisogelee gati. Mlinzi aliisoma barua ile mara tatu, ya mwisho akiwa ameishika juu chini.

Mashua yenyewe ilitia huruma. Jua lilikuwa limeikausha hata mbao zikaachana, kidole changu kidogo kikapita kati ya ubao na ubao. Lakini nilipoweka kiganja kwenye ubavu wake moyo ulinienda mbio, sitadanganya.

Nikamwambia mume wangu namna baba alivyofanya. Mtumbwi uliokaukia nchi kavu hauzibwi kwanza. Unautia majini, unaujaza mawe, unauzamisha siku nne au tano ushibe. Mbao zikinywa zinavimba na kujifunga zenyewe, kisha unaziba palipobaki, kwa pamba na mafuta, bila kukaza sana.

Alicheka hadi akashika tumbo. “Kwenu munazamisha bateau kusudi isizame?”

“Ndiyo.”

“Bibi, miye niko fundi. Mbao najua. Bantu bakiona nazamisha kintu yangu miye mwenyewe, batasema nini ku kazi, ku ateliye?”

Hapo nikanyamaza. Nina hasira za kunyamaza, nilizirithi kwa mama, na ni mbaya kuliko za kelele. Jumamosi nne nilikaa juu ya kichuguu kilichokuwa hapo ufukoni, nikimenya karanga, nikimtazama akifanya kazi nzuri sana na ya makosa kabisa. Kila mwanya alikata kijiti chembamba cha mti kinachouenea, akakipaka gundi, akakigongomea, akapiga randa juu yake. Ndivyo wanavyoziba ufa wa kabati. Hata unywele usingepita. Kabati halinywi maji, lakini sikumwambia. Niliwaza, acha aone mwenyewe. Tena niliwaza jambo baya zaidi: ikiharibika, nitakuwa na sababu ya kwenda.

Tuliishusha majini mwishoni mwa mwezi wa tisa, joto limeanza, mijakaranda ya mjini imejaa maua. Halikuingia hata tone. Alivimba kichwa mume wangu! Mimi nilishika usukani, kwa kuwa yeye hakujua upepo unatoka wapi, na nilipovuta kamba tanga likajaa, mashua ikainama kidogo, ikakata maji. Nilipiga kigelegele. Sikukipanga, kilitoka chenyewe. Yeye alikuwa ameng’ang’ania mlingoti kwa mikono miwili, uso umemshuka kwa woga, lakini ananitazama mimi, hatazami maji. Tulizunguka upande wetu wa matete mpaka jua likaanza kushuka. Wiki ile niliimba jikoni, na bukari, ndio ugali wa kule, niliyosonga ilikuwa laini, alisema mwenyewe.

Mashua tuliiacha imefungwa kwenye matete. Niliimba, nikijua. Kila siku mbao zilikuwa zinakunywa, na pa kuvimbia hapakuwapo.

Jumamosi iliyofuata tulikuta mlingoti tu umesimama juu ya maji, umeinama. Tukaivuta, yeye akiwa majini hadi kifuani. Ubavu wa kushoto ubao mmoja ulikuwa umefyatuka misumari na kupasuka, ufa wa urefu wa mkono mzima. Vile vijiti vyake vilikuwa bado vimekaa imara pamoja na gundi yao.

Aliketi kwenye tope na suruali yake ya Jumamosi. Alipitisha kidole kwenye ufa, polepole, kisha akasema, bila kunitazama, “Mvula iko karibu.”

Kweli, upande wa mashariki mawingu yalikuwa yameanza kujijenga. Nilielewa kwamba hakuwa analilia mashua. Haya zilinishika, haya za kweli, mpaka masikioni nikapata moto.

“Nilijua,” nikasema.

“Ulijua nini?”

“Itapasuka. Tangu ulipopiga kijiti ya kwanza. Nilikuwa na hasira, nikakuachilia.”

Nilingoja anitukane. Akafuta mikono kwenye majani.

“Sema tena namna baba yako alikuwa anafanya. Sema yote.”

Nikasema yote. Tukavitoa vijiti kimoja kimoja kwa patasi. Vingine vilitoka vipande vipande, na kila kimoja alikiaga kwa tusi. Tukatafuta mawe, tukaijaza mashua, tukaizamisha sisi wenyewe mchana kweupe, mlinzi akituangalia na kutikisa kichwa. Baadaye nilisikia aliwaeleza watu kuwa mke wa fundi amemroga mumewe.

Ulibaki ubao uliopasuka. Palihitajika kipande kipana, kikavu, cha mti usiooza, na karakana ilikuwa imepata bwana mpya asiyetoa hata takataka. Mume wangu aliulizia kambini siku tano, akaletewa mbao za masanduku ya sabuni.

Siku ya sita alipokuwa kazini nililivuta sanduku langu kutoka chini ya kitanda. Nikatoa vitenge, nikavitundika kwenye misumari ukutani, vyote. Nikafungua bawaba kwa bisibisi yake. Aliporudi, kifuniko kilikuwa mezani, mahali pa sahani yake.

Alikigusa kwa kiganja. “Hii ni ya safari yako.”

“Pima,” nikamwambia. “Ikiwa fupi tutalia baadaye.”

Kilitosha, kikabaki kipande cha vidole vitatu. Jumamosi tuliiopoa mashua, akakifunga kwa misumari ya shaba, akaacha mwanya mdogo pande zote kama nilivyomwonyesha, na mimi nikaziba kwa pamba na mafuta, mkono mwepesi. Mashua ilikuwa ya rangi ya udongo na kiraka chekundu ubavuni, na wazungu kule gatini walikinyooshea vidole. Mimi nilikiona kizuri.

Tukaishusha tena, na tulikuwa katikati ya eneo letu ilipofika. Kwanza harufu ya vumbi lililolowa, kisha matone makubwa juu ya tanga, kisha mvua yenyewe. Mume wangu alijipangusa uso, akatazama kiraka, si mimi.

“Ya kwanza ile.”

“Nasikia.”

“Iko planche moya ya mbao naweza kupata sasa. Nikufanyie kifuniko ingine?”

Upepo uligeuka, tanga likaanza kupigapiga.

“Shika kamba,” nikamwambia. “Tunapoteza upepo.”

Akashika. Sanduku lile halikupata kifuniko tena. Mtoto wetu wa kwanza alilala humo mpaka miguu yake ilipogusa ubao.