Halimo Kwenye Mashtaka

Mama mdogo aliendesha lifti miaka ishirini na sita katika jengo la idara moja ya serikali. Hata alipoota mvi, wafanyakazi waliendelea kumwita Dada Lifti.

"Dada Lifti, leo tunapanda?" walimtania.

"Ukiwa na mimi utapanda. Cheo ndicho sikuahidi."

Mumewe, baba mdogo wangu, alitunza mafaili ghorofa ya saba. Walijuana humo humo ndani ya lifti. Hata walipokuwa na watoto watatu, kila asubuhi aliingia akisema, "Saba, tafadhali," kama mgeni, na mama mdogo akacheka kama mara ya kwanza.

Lifti zilikuwa mbili, ila ya pili ilipigiliwa ubao mlangoni. Fedha za kuitengeneza zilitoka mara tatu, na mara zote tatu Mkurugenzi alizila. Hilo lilijulikana hadi kwa wafagiaji. Isitoshe, hakupenda kupanda na watu. Alisema wananuka jasho. Akatoa amri: gari lake likikaribia geti, mlinzi apige simu, mama mdogo ateremshe lifti, aifunge kwa ufunguo milango ikiwa wazi, asubiri. Mpiga chapa mmoja mwenye mimba ya miezi minane aliingia kwa kuchoka. Wiki iliyofuata alihamishiwa kituo cha mbali.

Jumanne moja simu ilipigwa, mama mdogo akafunga lifti. Kengele ikalia kutoka ghorofa ya saba. Ikalia tena. Mara ya tatu ikalia kwa muda mrefu. Gari lilikuwa limeshaingia, lakini Mkurugenzi alikaa ndani akiongea na simu. Aliongea dakika kumi na moja. Baba mdogo alikuwa ameanguka kati ya makabati. Wenzake walichoka kusubiri, wakamteremsha kwa ngazi, wamembeba kwenye kiti. Walipofika chini alikuwa ameshakata roho, na mkewe hakuwepo. Alikuwa akimpandisha Mkurugenzi.

Miaka mitatu baadaye wakaguzi waliingia, na Mkurugenzi akaanguka. Magazeti yalichapisha picha za nyumba zake. Waliokuwa wakimbebea mkoba ndio waliokuwa wa kwanza kumkana. Mama mdogo akaitwa mahakamani kueleza nani alipanda kwenda kwa mkubwa, na mabegi gani.

"Mungu kakulipia, shoga," jirani alimwambia.

Mama mdogo alipiga pasi gauni lake, akaniomba nimsindikize.

Mkurugenzi alikuwa amekonda, kola imempwaya. Mama mdogo alijibu yote kuhusu mabegi, kisha akasema, "Mheshimiwa, kuna jambo la mume wangu."

Hakimu alipekua karatasi. "Ametajwa katika kesi hii?"

"Hapana. Alifia kwenye ngazi."

"Pole sana, mama. Lakini hilo halimo kwenye mashtaka. Unaweza kwenda."

Akamtazama Mkurugenzi. Yule bwana alikuwa akimwomba wakili wake maji. Hakuwa akijifanya, kweli hakumkumbuka.

Tulikaa kwenye benchi la nje.

"Atafungwa tu, mama mdogo," nilisema.

"Afungwe, asifungwe, mimi sikumjia yeye."

"Ulijia nini?"

"Nilitaka mtu aniulize kwa nini sikugeuza ule ufunguo. Watoto hawaniulizi, wananionea huruma. Huyu ambaye kuuliza ndiyo kazi yake, naye kakataa."

Nilitaka kumwambia hakuwa na kosa, kama tulivyomwambia sote kwa miaka mitatu. Maneno yalinifika mdomoni, nikayaona mepesi. Watu walikuwa wakitoka mahakamani wakicheka, wakimwigiza Mkurugenzi anavyotembea siku hizi.

"Kwa nini hukugeuza, mama mdogo?"

Alivuta pumzi, kama mtu aliyetuliwa mzigo akagundua bega bado linauma.

"Niliogopa watanihamishia mbali naye," alisema.