Anwani Moja kwa Barabara Nzima

Kuna miji ambako mtu wa posta huja hadi mlangoni, akabisha, akaita jina lako, na mbwa wakambwekea. Bujumbura haujawahi kuwa mji wa namna hiyo. Hapa barua humngoja mwenyewe posta, ndani ya sanduku la chuma lenye namba, na asiye na sanduku huazima la mwenzake. Ndiyo maana kwa miaka mingi watu wa Barabara ya Saba, mtaa wa Buyenzi, waliandikiwa barua kwa majina yao, na chini yake yakafuata maneno haya: kwa mkono wa Uthmani, fundi wa magari. Uthmani alipofariki, ufunguo wa sanduku ulibaki kwa binti yake Raihana, na pamoja na ufunguo ikabaki sheria ya nyumba ile: barua ni amana. Haifunguliwi, haimulikwi taa ili isomwe, haitupwi, hata kama mwenyewe atakaa mwaka mzima bila kuja kuichukua.

Raihana alikuwa mpiga taipu. Alifundishwa kazi hiyo na masista wa Kibelgiji, waliomfunga kitambaa machoni mpaka vidole vyake vikajua vyenyewe kila herufi inakaa wapi. Aliajiriwa na kampuni moja ya kahawa. Vita vilipoanza, bosi wake akaenda likizo Ulaya ambayo haijaisha mpaka leo, akamwachia taipu. Mumewe, dereva wa lori, naye alikwenda Bukavu akaoa huko. Raihana alisema kwamba kati ya wawili hao, bosi alikuwa na adabu zaidi, kwa sababu yeye aliacha kitu. Akaweka taipu barazani, akawa anawaandikia watu maombi ya kazi, barua za ubalozi na madai ya mirathi. Alipiga taipu huku akitazama wapita njia, akiitikia salamu za kila mtu, na hakukosea hata nukta.

Kisha Khaled, kijana wa duka la vipuri, akafungua cyber yenye mashine nne. Raihana alikwenda kuona, akarudi na anwani ya intaneti. Barabara ya Saba haikuuliza ni ya nani. Sanduku la Uthmani lilikuwa la wote, kwa hiyo na hili lilikuwa la wote. Ndugu walioko Dubai, Kigoma, Lubumbashi na Brussels wakaanza kuandika humo, na juu ya kila barua jina la mwenyewe: Kwa Mama Zubeda, Kwa Fundi Chabani. Neno la siri lilijulikana kwa kila mtu. Watu wanaomwachia jirani ufunguo wa nyumba wanapokwenda sokoni wangelifichaje neno moja?

Asiyejua kusoma alisomewa na Raihana sikioni, mkono ukikinga mdomo. Mwenyewe akisema "basi," barua inafutwa palepale. Hakuifuta kabla ya hapo.

Mzee Chabani, fundi viatu aliyekaa mbele ya cyber, hakuipenda mashine ile.

"Barua isiyo na bahasha ni tangazo," alisema. "Wakati wa Wabelgiji waliisoma, lakini walau waliona haya, waliibandika tena na gundi."

"Mzee, mashine yenyewe iko Amerika," Khaled alimjibu. "Nani wa hapa atasoma?"

"Ikiwa Amerika, basi Mwamerika anasoma. We unaona hiyo ni nafuu?"

"Mi sijali nani anasoma," Raihana alisema. "Mi nataka mwenyewe aombwe kwanza. Hata Mwamerika abishe hodi."

Wakacheka. Mwaka ule wa 2003 watu walikuwa wakicheka haraka haraka, kabla bunduki hazijalia milimani.

Jumanne moja, baada ya swala ya alasiri, Khaled alimwita Raihana kwa kidole. Afande mmoja aitwaye Libère, wa ofisi ambayo watu waliitaja kwa kuinua kidevu tu, alikuwa amepita kwenye cyber mbili za katikati ya mji, akidai kode za watu, yaani maneno yao ya siri, na kusoma barua zao.

"Anatafuta Wakongomani," Khaled alinong'ona. "Na hapa nimeona kitu. Njoo."

Mashine ambayo Raihana aliizoea ilikaliwa na wanafunzi wa Kamenge. Khaled akamkalisha kwenye mashine mpya iliyokuwa imefika wiki ile kutoka Dubai, akamfungulia sanduku yeye mwenyewe. Barua moja ilikuwa haijasomwa. Kichwa chake kilisema: Kwa Marguerite. Mimi Murhula. Niko hai.

Murhula alikuwa seremala kutoka Bukavu, akikaa na mkewe Marguerite na watoto wawili katika ua uliokuwa nyuma ya nyumba ya Raihana. Wiki sita nyuma, mtu alimsingizia kwamba makasha aliyoyatengeneza yalivusha bunduki pale Gatumba, mpakani. Makasha yalikuwa ya sabuni, lakini askari waliokuja kumtafuta hawakuja kuuliza habari za sabuni. Murhula aliruka ukuta na msumeno mkononi. Tangu siku hiyo Marguerite aliuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni bila kujua kama ni mke au mjane.

"Futa, dada," Khaled alisema. "Humo lazima ameandika yuko wapi. Futa sasa hivi."

"Siwezi kufuta barua ambayo mwenyewe hajaisikia."

"Watamkamata!"

"Na nikiifuta, Marguerite atajuaje pa kumpata? Hii si yangu, Khaled. Wala si yako."

"Basi badilisha kode. Ile ya sasa hata mbuzi wa Buyenzi wanaijua. Na usiniambie mpya. Nisichokijua hakinipigi."

Raihana akabadilisha. Macho yake yalikuwa mlangoni, vidole vikaenda vyenyewe: Zawadi, jina la marehemu mama yake. Nyota sita zikatokea kwenye kioo. Mashine ikaomba tena, nyota sita nyingine. Ikakubali. Akafunga, akatoka karibu mbio kwenda sokoni kumwita Marguerite. Waliporudi pamoja, umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Wakakaa mbele ya vioo vyeusi mpaka saa ya kila mtu kurudi kwake ilipofika.

Asubuhi ya Jumatano, kabla umeme haujarudi, gari lilisimama mbele ya baraza la Raihana, likamchukua mpaka ile ofisi.

Afande Libère alikuwa mtu wa sauti ya chini. Alimpa kiti. Alimuuliza habari za nyumbani. Pembeni, kijana fundi wa kompyuta alikuwa tayari mbele ya mashine ya ofisi.

"Mama Raihana, naambiwa mtaa wenu wote uko na anwani moja, na kode ambayo kila mutu anaijua inakataa tangu jana. Nipe mpya. Mutu asiye na kosa hana cha kuficha."

"Mukubwa, mi sina kosa, lakini niko na mengi ya kuficha," Raihana alisema. "Kuna mama anauliza Dubai dawa ya mume wake ambaye usiku ni wa kulala tu. Kuna mutu anamwambia kaka yake kama hataki tena kuolea ukoo ule. Hao wamekosa nini? Nikikupa, kesho nitapita wapi?"

Fundi wa kompyuta akakohoa ili asicheke. Hata afande alishusha macho kidogo.

"Hiyo ya dawa sitaisoma," alisema.

"Utajuaje kama ni hiyo, kabla hujaisoma?"

Watu wa ofisi kama ile wakikosa jibu huwa hawanyamazi. Afande alimweleza taratibu kwamba kabla ya saa sita mashine zote za Khaled zingebebwa, na Khaled mwenyewe pamoja nazo, na wanaume wa Barabara ya Saba wangeitwa mmoja mmoja. Aliiweka sawa saa yake mkononi, kama mtu aliye na muda.

Raihana alimfikiria Khaled. Alimfikiria Murhula na ile barua iliyokaa mle, tayari kusomwa. Alitafuta uongo, akakuta hana hata mmoja. Maisha yake yote alikuwa amebeba maneno ya watu kama yalivyo.

"Zawadi," alisema. "Kwa herufi ndogo." Amana ya baba yake ilikuwa imetoka mkononi mwake.

Fundi akaandika. Akangoja. Mashine ilikataa.

Akaandika tena, herufi moja moja, akizitaja kwa sauti. Ikakataa.

"Unanichezea?" Afande aliuliza, na sauti yake haikuwa ya chini tena.

"Wallahi, mukubwa, ndilo hilo! Zawadi, jina la mama yangu. Mi sina lingine."

"Andika mwenyewe."

Raihana akakaa. Vidole vyake, vilivyofunzwa na masista, vikapita juu ya herufi bila yeye kuzitazama. Zawadi. Ikakataa. Akarudia. Ikakataa. Jasho lilimtoka mpaka kwenye kilemba. Hakuwa anaigiza. Aliogopa kweli, na hakuelewa kweli, na vyote viwili vilionekana usoni mwake kama maandishi.

Afande alikuwa amewaona waongo wengi. Mwongo akibanwa hutoa neno la pili, na la tatu. Mwanamke huyu alishikilia lilelile na kulia.

"Labda kule Amerika wenyewe wamelifunga, chef," fundi alisema. "Inatokea."

"Nenda nyumbani, mama," Afande Libère alisema mwishowe, kwa uchovu. "Sanduku likifunguka, njoo uniambie."

"Nimesikia," Raihana alisema. Na ni kweli alikuwa amesikia.

Alirudi kwa miguu, jua likimpiga, bila kujua kama alipaswa kumshukuru Mungu au kuomboleza. Afande hakuipata barua, ndiyo. Lakini sasa hata Marguerite asingeipata. Alimkuta amekaa kwenye benchi la cyber tangu asubuhi, beseni lake la ndagala likiwa limefunikwa chini ya miguu. Umeme ulikuwa umerudi.

"Mama Raihana! Walikupiga?"

"Apana. Lakini Marguerite, dada yangu, sanduku limekufa. Halifunguki tena. Ngoja nikuonyeshe."

Alikaa kwenye ile mashine ya Dubai, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Uso wake ulimgeukia Marguerite, maana alikuwa bado anaomba radhi, na vidole vikaandika.

Sanduku likafunguka.

Khaled aliinama juu ya mashine, akatazama herufi za kibodi, akatazama mikono ya Raihana, kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akakaa chini kwenye saruji.

"Dada! Hii kibodi ni ya Kiingereza, zingine zote mji huu ni za Kifaransa! Pale Mfaransa anapoweka A, Mwingereza ameweka Q. Pale penye Z, yeye ameweka W, na penye W ameweka Z. We hukutazama. Uliandika zawadi kwa vidole vya masista, mashine ikasikia kitu kingine kabisa. Angalia!" Akaandika polepole kwenye karatasi: wqzqdi. "Hata afande angekupiga mwaka mzima usingelitaja. Hakuna mdomo wa binadamu unaoweza kulitamka neno hili!"

Raihana alicheka pia, kisha akalia, kisha akajifuta kwa ncha ya kilemba na kumvuta Marguerite karibu. Akaweka mkono kando ya mdomo wake, akamsomea sikioni. Murhula alikuwa Uvira, ng'ambo ya mpaka, akiandika kwa kompyuta ya wamisionari. Alikuwa amechoka kukaa peke yake. Ijumaa asubuhi angevuka mpaka na kuwangojea mke na watoto upande huu, Gatumba, karibu na wauza sukari, ili warudi ng'ambo pamoja.

Marguerite alimshika mkono kwa nguvu. Upande huu wa Gatumba ndiko askari walikokuwa wakimtafuta.

"Mwambie asivuke," alisema. "Mwambie akae hukohuko. Sisi tutamfuata. Mwanamke mwenye beseni la ndagala na watoto wawili, nani anamwona pale mpakani?"

Raihana akaandika hivyohivyo, na safari hii alizitazama herufi moja baada ya nyingine kama mtoto wa darasa la kwanza. Akaituma.

"Basi," Marguerite alisema. Na barua ya Murhula ikafutwa.

Jioni Raihana alisimama mbele ya Mzee Chabani, kiatu kimoja mkononi kama kisingizio.

"Mzee, afande alisema likifunguka nimwambie. Limefunguka. Nikinyamaza, si uongo?"

Chabani alimaliza kwanza kupiga msumari wake.

"Alikuomba neno?"

"Ndiyo."

"Ukampa?"

"Nilimpa."

"Alikuomba vidole?"

"Apana."

"Basi lete hicho kiatu, uache kunisumbua."

Siku ya Alhamisi Khaled alifungua anwani mpya saba, bure, kila moja na mtu wake na neno lake, na akamkataza kila mmoja kulitaja hata kwa mama mzazi. Mama Zubeda alikasirika. Alisema neno lisiloweza kuambiwa jirani ni neno la mtu anayepanga ubaya. Lakini alilichagua, na alipoulizwa na shoga zake alifumba midomo, akaonekana kufurahia sana kuwa na kitu cha kufumbia midomo.

Ijumaa ilipita. Raihana hakupiga taipu siku ile. Jumamosi asubuhi alikwenda cyber kabla ya wanafunzi, akaandika neno lake lisilotamkika. Kulikuwa na barua moja. Alitafuta jina la mwenyewe juu yake, kama kawaida, ili amtume mtu kumwita, na akakuta ni lake.

Kwa Raihana. Tumefika wote wanne tuko pamoja. Murhula anasalimu. Watoto wanakula.

Aliisoma mara mbili. Hakukuwa na mtu wa kumnong'oneza. Akasema "basi" kwa sauti, peke yake, akaifuta, akaenda kunywa chai.