Majira Serikali Ilipofungwa

Korido ya ghorofa ya kumi na nne ilinuka viatu vilivyolowa theluji. Juu ya harufu hiyo kila mlango uliongeza ya kwake: huu samaki wa kukaanga, ule bizari, na ule wa mwishoni sabuni ya mzee wa Kireno aliyefua nguo kila siku kana kwamba anatarajia wageni. Mlango wetu haukunuka kitu. Nilifika mbele yake kila siku ya shule saa kumi kasorobo, ufunguo ukining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu, na kabla ya kufungua niliweka sikio kwenye ubao nisikilize kama kuna mtu ndani. Nilijua hakuna. Baba alikuwa chuoni mpaka saa moja jioni, na mimi na yeye ndio watu pekee tuliokuwa nao katika nchi nzima. Hata hivyo nilisikiliza, kisha nikaingia, nikavua buti, nikasema "hodi" kwa sauti ya chini, nikajikaribisha mwenyewe.

Tulifika Toronto mwezi wa nane mwaka 1995, nikiwa na miaka kumi. Mama alibaki Morogoro, alikokuwa akifundisha sekondari, na nilielezwa kwamba karatasi zake zinafuata. Tulipanga fleti ya chumba kimoja pale zinapokutana barabara za Jane na Finch, katika jengo refu ambalo kutoka dirishani uliona chuo alichosoma baba. Alikuwa akisomea shahada ya uzamivu katika siasa, na katika siasa zote za ulimwengu huu yeye alichagua za Marekani. Mtu ametoka Tanzania, anaishi Kanada, anaumiza kichwa kwa ajili ya Baraza la Wawakilishi la Washington. Mama alikuwa akimtania kwamba siku Wamarekani wakimhitaji watamtumia ndege. Mimi sikuona ajabu yoyote. Baba alikuwa baba, na alichokisoma ndicho kilichokuwa muhimu duniani.

Televisheni yetu tuliiokota chini ya jengo, ilikoachwa na mtu aliyehama. Haikuwa na kebo. Baba alisimamisha antena dirishani, akaigeuza upande wa ziwa, na ng'ambo ya ziwa zikaja stesheni za Buffalo, mji wa Marekani. Ndizo zilizokuwa zikionekana vizuri, kwa hiyo ndizo tulizotazama. Nilijua mioto ya Buffalo, wezi wa Buffalo, na dhoruba za theluji za Buffalo ambazo mara nyingine zilifika kwetu kesho yake. Nilijua wanasiasa wao kwa sura na kwa tai zao. Wa Kanada hata mmoja sikumjua. Darasani waliponiuliza mkuu wa serikali ni nani nilimtaja Rais wa Marekani kwa sauti kubwa kabisa, na darasa zima likacheka, mwalimu naye akajizuia kidogo tu. Wiki nzima baada ya hapo sikunyoosha mkono, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Saa zangu nzuri zilikuwa zile za chakula cha jioni. "Shikamoo baba," nilisema kabla hajamaliza kuvua koti, naye alijibu marahaba, akabandika ugali wa unga wa ngano ulionata kama gundi, kwa kuwa unga wa mahindi ulipatikana mbali, na tulipokula alinifundisha. Alitumia vyombo. Sufuria ilikuwa Bunge lao, lenye mabaraza mawili: Seneti, ambamo kila jimbo lina watu wawili, liwe kubwa liwe dogo, na Baraza la Wawakilishi, ambamo jimbo lenye watu wengi lina viti vingi. Birika lilikuwa Rais. Chupa ya chumvi ilikuwa Mahakama Kuu, nayo ilikaa pembeni mpaka iitwe. "Walimwogopa mfalme, mama," aliniambia. Wababa wa kwetu huwaita binti zao mama, na yeye aliniita hivyo kila alipokuwa na furaha. "Ndiyo maana hawakumpa mtu mmoja funguo zote. Bunge linapitisha, Rais anasaini. Rais akikataa kwa kura yake ya turufu, Bunge linaweza kumshinda, lakini lipate theluthi mbili, tena katika mabaraza yote mawili. Wasipoelewana, hakuna kinachokwenda." Nilimuuliza nani anawaamua. Akacheka sana, akasema hilo ndilo swali analolipwa kulijibu.

Jumapili nilikuwa na swali langu jingine: mama anakuja lini? Mwanzoni alijibu kwamba karatasi zinashughulikiwa. Kisha akawa anasema tuvumilie. Kisha akawa anasimama kuosha vyombo visivyokuwa vichafu. Mwezi wa kumi na mbili, Bunge la Marekani na Rais wao waligombana juu ya bajeti, na ofisi za serikali zikafungwa. Buffalo ilituonyesha jumba la makumbusho lenye mnyororo mlangoni, na mama mmoja mfanyakazi wa serikali akilia kwa kuwa ameambiwa arudi nyumbani asubiri. Nikauliza tena. Baba alikuwa na bakuli mkononi. Akanyoosha kidevu kuelekea televisheni. "Si unaona? Serikali imefungwa. Hakuna mtu wa kugonga muhuri."

Niliridhika, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nililala vizuri usiku ule kuliko siku zote tangu tufike, kwa sababu sasa kulikuwa na sababu. Baba alijua kuliko mtu yeyote katika jengo lile kwamba karatasi za kuingia Kanada haziko mikononi mwa Washington. Angeweza kuandika kitabu juu ya jambo hilo. Lakini aliniambia, nami nilimwamini, kwani nani mwingine angenieleza habari za serikali?

Ikabaki nitafute njia ya kuifungua. Mtoto aliyekulia Morogoro wakati ule alijua kwamba shida haiendi moja kwa moja kwa mkubwa. Inaanzia kwa mjumbe wa nyumba kumi. Yeye anakujua, anajua baba yako na mbwa wako, anakuandikia barua, anagonga muhuri, na barua inapanda ngazi kwa ngazi. Barua isiyo na muhuri ni karatasi tu. Nilimuuliza msimamizi wa jengo kama yeye ndiye mjumbe wetu, akaniuliza kama bomba linavuja. Basi nikaamua mkubwa wetu ni yule mwakilishi wa Buffalo aliyeonekana kwenye taarifa ya habari kila siku mbili, mwanamume mwenye masikio makubwa, ambaye anwani ya ofisi yake ilipita chini ya kioo ili watu wamwandikie. Niliinakili kwa awamu tatu, jioni tatu, maana ilipita haraka.

Niliandika kama tulivyofundishwa darasa la tatu. Anwani yangu kulia juu, yake kushoto, na katikati neno "Kupitia", kwa ajili ya mjumbe ambaye sikuwa naye bado. Chini yake nikapiga mstari: Yah: Kuomba Serikali Ifunguliwe. Kisha nikaanza na maneno ambayo kila barua ya kwetu huanza nayo, tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu, na yote hayo nikayageuza kwa Kiingereza changu cha miezi minne. Nilimweleza kwamba mimi ni mtoto pekee, nasoma kwa bidii, baba yangu anawasoma wao kila siku, na mama yangu yuko tayari, anasubiri muhuri tu. Nilimwomba awaambie wenzake wapige kura. Nilimkumbusha kuhusu theluthi mbili, asije akasahau.

Mwenye muhuri alikuwa Mama Furaha, aliyeishi mlango wa tatu kutoka kwetu na wanawe watatu, mkimbizi kutoka Bukavu na katibu wa kanisa dogo lililokutana katika ukumbi wa chini. Muhuri wa kanisa ulikaa kabatini kwake, ndani ya soksi. Alifungua mlango akiwa na unga mikononi.

"Mutoto, iko nini?"

"Shikamoo, mama. Naomba unigongee muhuri kwenye barua."

"Kashe ya pasteri? Ile haiko ya kuchezea. Barua inaenda wapi?"

"Kwa serikali ya Marekani. Kuiomba imruhusu mama yangu aje."

Alinawa mikono, akaisoma barua yote akiwa amesimama, midomo ikitembea, ingawa Kiingereza chake kilikuwa kichache kuliko changu. Sikucheka, na yeye hakucheka. Kwa njia aliyopita mpaka kufika Toronto, karatasi isiyo na muhuri haikuvusha mtu kizuizi hata kimoja. "Kama ni ya mama, nitapiga," akasema, na akaugonga mara mbili, mmoja juu na mmoja chini, wasije wakasema hawakuuona. Stempu alitoa yeye. Bahasha tuliitia sandukuni pamoja, mkono wake juu ya wangu, nami nikatamani anishike hivyo mpaka tufike ghorofani. Kwenye lifti watoto wake walikuwa wakigombea nani abonyeze kitufe. Nilishuka kwenye ghorofa yetu nao, wakaingia kwao kwa kelele, nami nikaingia kwetu.

Mwezi wa kwanza, wiki ya kwanza, serikali ikafunguliwa. Niliruka juu ya kochi peke yangu. Niliamini ni barua yangu; hesabu ya siku ilikubali. Nilifagia fleti, nikahamishia nguo zangu kwenye droo moja ili mama apate mbili, na baba alipoingia nikamwambia: wamefungua! Alisimama na theluji mabegani. "Ndiyo," akasema, "wamefungua," akaenda bafuni akakaa huko muda mrefu na bomba likitiririka. Kila siku baada ya hapo nilisikiliza mlangoni kwa makini zaidi. Mwezi wa pili ukaja, na mama hakuja.

Badala yake ikaja bahasha ya Marekani yenye jina langu. Ofisi ya mheshimiwa ilinishukuru kwa kuandika. Ilieleza kwa upole kwamba, kwa kuwa naishi Kanada, mheshimiwa hana mamlaka juu ya ombi langu; kwamba kufungwa kwa serikali yao hakukuhusu viza za Kanada kwa namna yoyote; na kwamba nimwone mbunge wa eneo langu. Waliambatanisha kipeperushi cha rangi kinachoonyesha jinsi muswada unavyokuwa sheria. Niliisoma mara nne. Nilidhani wamekosea, na nikamngoja baba awasahihishe.

Baba aliisoma bila kuvua koti. Akaigeuza, akatazama nyuma, ambako hakukuwa na kitu. Kisha akakaa sakafuni, mtu mzima, mgongo ukiegemea mlango. "Mama yako haji, Anna," akasema. Hakuniita mama. "Alikataa tangu mwezi wa kumi. Si serikali. Ni mimi na yeye." Sikulia. Nilimuuliza tu kama bado tutakula, akasema ndiyo, tukala, na vyombo vikabaki vyombo. Hakunifundisha tena, nami sikuuliza tena. Fleti ile ilikuwa kimya hata tulipokuwamo wawili.

Leo ninafanya kazi katika ofisi ya wabunifu wa majengo katikati ya jiji, nina kadi ya kupigia kura ya nchi hii, na wabunge wangu nawajua kwa majina. Baba amestaafu, anaishi Brampton, bado anatazama siasa za Marekani, sasa kwenye kioo kikubwa kuliko meza yetu ya zamani. Serikali ile imefungwa na kufunguliwa mara kadhaa tangu wakati ule. Wenzangu wa kazini hulizungumza jambo hilo kama hali ya hewa, na mimi huenda chooni nikakaa kidogo, kwa sababu narudi kuwa na miaka kumi. Mara ya mwisho nilifanya nisilolifanya kabla. Nilimpigia mama Morogoro, nikamuuliza kwa nini alikataa.

"Nilikataa Kanada, sikukukataa wewe," akasema. "Nilimwambia baba yako akurudishe. Alikuwa anangoja nilegee, na mimi nilikuwa nangoja alegee. Halafu mimi si nilikuuliza mwenyewe?"

"Uliniuliza lini, mama?"

"Kwenye simu, karibu na Krismasi. Nikakuuliza, mwanangu, unataka kurudi nyumbani? Ukaniambia, siwezi kuondoka mama, nangoja serikali ifunguliwe. Nikajua baba yako amekutia maneno mdomoni, na wewe umeshakuwa wa huko. Nikaacha."

Siikumbuki simu hiyo. Nakumbuka masikio ya yule mwakilishi, nakumbuka soksi ya Mama Furaha, lakini sauti ya mama ikiniuliza hivyo sina. Nilimweleza nilikuwa nangoja nini, na kwamba nilikuwa nimemwachia droo mbili. Kisha nikamsikia akilia, polepole, mwanamke wa miaka sabini na mbili, na kati ya machozi akaniuliza kama nimekula.