Santuri ya Fundi Redio

Fundi redio wa Katandala hufuta santuri yake kwa pindo la shati, taratibu, kama anayemfuta mtoto uso. Humo Wamarekani weusi wanasimulia utumwa wa babu zao kwa saksafoni na ngoma, wote kwa pamoja, kila mmoja na njia yake. Wateja humwambia, "Fundi, hii imekwaruzika." Naye, macho kwenye nyaya, hujibu, "Nzima hiyo. Sikiliza." Hakuna anayesikiliza, hata mimi jirani yake. Juzi Bibi Fransiska alifuata redio ya kijiji chao cha ujamaa, akasimama mlangoni akiisikiliza santuri. "Mwanangu, hawa wanapura ulezi," akasema. "Kila mtu na fimbo yake, lundo moja." Fundi akaweka bisibisi chini. Akamsogezea kigoda, kisha akarudisha sindano mwanzoni mwa santuri.