Pazia Lililopanda Wundanyi Bila Mimi

Mke mwenzangu aliingia nyumbani kwa mavyaa wetu amevaa sweta. Mombasa, katikati ya kaskazi, wakati hata paka wa Mji wa Kale wamelala chini ya mitungi ya maji kutafuta ubaridi, yeye kavaa sweta ya sufu rangi ya damu ya mzee, vifungo vimefungwa mpaka shingoni. Jasho lamchirizika. Ukumbi ulikuwa umejaa wanawake waliokuja kumtazama mavyaa, mama wa bwana wetu, aliyekuwa ndiyo kwanza ainuka kwenye homa.

"Baridi ya milimani imeniingia mifupani," akasema. "Hainitoki."

Mimi nilikuwa nimeketi karibu na mlango, mwanangu ananyonya. Nikanyamaza. Nilikuwa nimenyamaza tangu mwaka jana, kwa hiyo kazi hiyo nilikwisha kuizoea. Wakamuuliza habari za huko, naye akaanza. Wundanyi alfajiri, ukungu, jogoo wa Wataita wakiwika ndani ya wingu usiwaone.

"Nikafunua lile pazia la asumini," akasema, "nikauona mlima uko hapa, hapa, kama ukuta wa jirani. Na palikuwa na Mzungu mwanamke kambini, akaja akalishika pazia, akaligeuza nyuma aone mishono. Akaniuliza nani kalishona."

"Ukamjibuje?" nikauliza. Ndilo neno langu la kwanza siku ile.

"Nikacheka tu."

Lile pazia nililishona mimi.

Sikumbuki kuamua lolote. Nilimtoa mtoto ziwani nikampakatisha mavyaa, nikalichukua jagi la maji ya ukwaju lililokuwa kwenye sinia, nikalimimina lote juu ya sweta ile, kuanzia shingoni. Polepole, tone lisipotee.

"Haya," nikamwambia. "Na hii ndiyo baridi ya Mombasa. Nayo ikuingie mifupani."

Mtoto akapiga ukelele. Mavyaa akasema lahaula. Kuna mmoja alicheka, na mpaka leo nampenda kwa kicheko kile. Mke mwenzangu hakulia wala hakunirukia. Alijipangusa kidevu, akanitazama, akasema, "Una wivu wewe."

Ninao. Sikatai. Nimesoma mpaka sekondari kabla ya kutolewa skuli niolewe, na kitu nikikiona nakiita kwa jina lake. Ila nataka watu wajue wivu wangu ulitoka wapi.

Vita vya pili vya Wazungu vilipokwisha jeshi liliuza magari yake yaliyochoka, na bwanangu akanunua moja lililokuwa la kubebea majeruhi. Nyuma limejengwa kama sanduku kubwa, lina dirisha dogo ubavuni. Yeye ni mfanyabiashara wa kwenda Taita. Hupandisha nazi, papa mkavu na leso, huteremsha kabeji, viazi na karoti. Miaka yote hiyo alikuwa akilala juu ya magunia. Sasa akamwita seremala, akamtengenezea humo ndani kitanda, kabati la vyombo na meza ya kukunjwa ukutani. Sijapata kumwona mtu amefurahi vile. Alikuwa akifungua na kukunja ile meza kama mtoto.

Kisha akaja kwangu, akaketi kitandani, akamwinua mtoto juu mpaka akacheka.

"Safari ya kwanza ni yenu," akasema. "Wewe na huyu. Mkaone milima. Lakini dirisha lataka pazia."

Nikashona. Nilichukua kitambaa cha buluu nilichokuwa nimejiwekea cha kanzu, nikatarizi maua ya asumini kwa uzi mweupe, na mito miwili ya namna hiyo hiyo. Nilishona mtoto akilala, nikashona mtoto akilia. Kila ua nililomaliza nilikuwa niko juu kule, natazama chini. Mimi sijapata kuona mahali palipoinuka kuliko ile Ngome ya Wareno.

Lakini gari haliingii kwetu. Vichochoro vya Mji wa Kale vilipimwa kwa punda na kwa watu wawili wenye adabu, mmoja akijibana ukutani mwenzake apite. Kwa hiyo gari lililala Tononoka, mlangoni kwa mke mwenzangu, ambaye bwanangu alimwoa mimi nikiwa na mimba. Hilo la kuolewa nililimeza. Sheria imemruhusu. Pazia nikalipeleka Tononoka kwa mkono wangu mwenyewe, nikalitungika mwenyewe, nikarudi nyumbani kufunga mzigo.

Mavyaa ndiye aliyekuja kunipa habari, nami nimekaa na furushi langu la nguo limekwisha fungwa.

"Wamekwenda," akasema. "Asubuhi palikuwa na haraka, kabeji zaoza huko. Mwenzio alikuwa karibu na gari."

Karibu na gari! Ndiyo haki yenyewe hiyo.

Safari ya pili mtoto alikuwa anaota meno. Ya tatu, baridi itamdhuru mtoto. Nikamuuliza bwanangu, je, Wataita huzaa watu wazima? Akaenda kupakia nazi zake. Safari iliyofuata akampeleka mama yake, na kikohozi chake, pamoja na mke mwenzangu wa kumtazama. Mavyaa alirudi na miwa, ndizi mbivu, na hadithi ya nyani aliyemwibia kiatu kimoja. Kikohozi kilikuwa kimepona.

Mimi naijua kambi ile kuliko walioilalia. Ni kiwanja cha Mhindi mwenye duka, chini kidogo ya soko, kimezungushiwa ua wa miti. Magari ya mboga hupanga mgongo kwa mgongo, wasafiri wakingoja mzigo uteremke mashambani. Pana bomba moja la maji, na maji yenyewe asubuhi yauma meno. Pana choo cha mabati ambacho mlango wake lazima uushike kwa mkono. Wanawake wa Kitaita huteremka na vikapu vya maharage na mayai, na ukiwasalimia kwanza bei hupungua. Mke wa Mhindi huuza chapati kwa dirisha la nyuma, na wote, dereva na tajiri, husimama mstari mmoja wakijikunyata. Yule Mzungu mwanamke na mumewe walikuja na nyumba nzima ya magurudumu, inavutwa na gari dogo. Ilivyopanda kona zile Mungu ajua. Walikaa pembeni siku nzima, halafu wakaja kuomba moto.

Haya yote niliyakusanya kwa mke mwenzangu na mavyaa, kidogo kidogo, nikijifanya sisikilizi, nachambua mchele. Na jambo moja lilinikaa zaidi. Walisema mwezi wa Julai ukipumua alfajiri, moshi wakutoka kinywani. Nikaenda kwenye mtungi nikapumua juu yake. Hapakuwa na kitu. Nikapumua tena. Mtoto akanitazama akaanza kupumua naye. Siku hiyo nililia, na sikulia kwa ajili ya mume.

Jioni ya ule ukwaju ilikuwa zamu yangu. Bwanangu akaja na ile sweta kaikunja kwapani, imekauka na doa kifuani.

"Hii nani ataifua?"

"Mwenyewe."

"Umeniaibisha mbele ya wanawake wa mji."

"Na wewe umepanda Wundanyi na yeye, safari baada ya safari. Kura uliipiga lini?"

Hapo alitazama pembeni, kwa sababu alijua nasema nini. Mwanamume mwenye wake wawili akitaka kusafiri na mmoja, hachagui. Hupiga kura. Baba yangu alikuwa na wake wawili, mama yangu na mwenzake. Kila alipokuwa na safari ya Lamu au Unguja, pete mbili zilitiwa ndani ya kikombe cha kahawa, kikafunikwa kwa mkono, kikatikiswa, na mimi mtoto nikaambiwa nifumbe macho nitoe moja. Mara nyingine nilitoa ya mama, mara nyingine ya mwenzake. Siku moja nilitoa ya mwenzake, na mama alikuwa ameitaka mno safari ile. Nikaogopa. Mama alicheka, akaivaa pete yake, akaenda kumsaidia mwenzake kukunja nguo. Nilikuwa mdogo, sikuelewa. Sasa naelewa. Kushindwa na kikombe hakumuumi mtu. Mimi nimeshindwa na nini? Na upana wa kichochoro.

Bwanangu alifikiri kidogo, kisha uso ukamkunjuka.

"Kura ni ya safari," akasema. "Mimi nikenda Wundanyi sisafiri. Nalala kwangu. Mle mna kitanda, mna jiko, mna meza. Pazia limo. Ile ni nyumba."

"Nyumba?"

"Nyumba. Ina magurudumu tu."

Aliegemea mto, ameridhika, kama mtu aliyekwisha kutia komeo mlangoni.

"Haya," nikasema. "Kama ni nyumba, basi usiku uliolala mle pamoja naye ni zamu zake. Zangu ziko wapi? Kila ukirudi wanipa usiku mmoja, kesho uko Tononoka, kama kwamba huko juu hukulala kwa mtu."

Akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

"Chagua," nikamwambia. "Ikiwa ni safari, leta kikombe. Ikiwa ni nyumba, nilipe siku zangu."

"Wewe skuli imekuharibu."

"Skuli walinifundisha hesabu na jiografia. Hili nimelisoma chuo cha Kurani, kwa mwalimu yule yule aliyekusomesha wewe. Ila wewe siku hiyo labda ulikuwa kwenye mpira."

Aliikunjua ile sweta, akaikunja tena. Nikadhani ameelewa. Naapa nilikuwa tayari kusamehe yote, sweta, miwa, yule Mzungu, lau angesema neno moja tu: twende. Akanipapasa bega, akasema kwa upole kabisa:

"Nitakununulia sweta na wewe."

Asubuhi nikavaa buibui, nikambeba mtoto, nikatoka kwenda kwa kadhi. Kichochoroni nikamkuta mavyaa amesimama na mkongojo wake, naye kavaa buibui.

"Wenda wapi?" akauliza.

"Kumshtaki mwanao."

"Najua. Jana sauti zenu zimefika kwangu. Twende."

"Mama, hukunitetea hata siku moja, na leo—"

"Siji kwa ajili yako," akanikata. "Sitaki mwanangu afufuliwe Siku ya Kiyama upande mmoja umelala, kama kila asiyefanya haki baina ya wakeze. Na wewe ule ukwaju ulikuwa wangu, wa dawa. Tembea."

Karani wa kadhi alikuwa kijana mwenye miwani na heshima nyingi. Alitukaribisha, akauliza hali, akauliza hali ya mtoto, akachovya kalamu.

"Bwana hakulishi?"

"Anilisha."

"Hakuvishi?"

"Nguo ninazo."

"Akupiga?"

"Hajapata."

Akaiweka kalamu chini. "Sasa, bibi, washtaki nini?"

"Gari."

"Mashtaka ya gari hupelekwa polisi."

"Mwandikie, mwanangu," akasema mavyaa nyuma yangu. "Mimi ndiye mamake mshtakiwa, na gari hilo nimelilalia. Kitanda chake kizuri. Mwandikie."

Karani akanitazama mimi, akamtazama mavyaa, akachovya tena. Akaandika *Mlalamikaji adai*, akakwama hapo. Nikaomba kalamu. Akasita, kisha akanipa, na karatasi mpya. Nikampa mavyaa mtoto kwa mara ya pili katika siku mbili, nikaandika kwa mwandiko wangu. Majina nimeyaacha hapa. Kule yamo.

*Kwa Mheshimiwa Kadhi. Baada ya salamu na taadhima.*

*Mimi ni mke wa kwanza wa mtajwa, na mama wa mwanawe. Sina malalamiko ya chakula, mavazi wala kipigo. Nalalamika kwamba mume wangu ana gari lenye kitanda, na katika gari hilo hupanda Wundanyi na mke wake wa pili peke yake, wala hajapata kupiga kura baina yetu.*

*Nilipomuuliza alisema kwamba hiyo si safari bali ni nyumba. Naomba Mheshimiwa amwamuru aseme moja. Ikiwa ni safari, pete zetu mbili zitiwe kikombeni mbele ya mama yake kila anapotaka kuondoka, na zile safari alizokwisha kwenda bila kura anilipe usiku wake. Ikiwa ni nyumba, basi nina haki ya zamu katika nyumba hiyo sawasawa na mwenzangu, pale pale inapolala, mlimani. Mtoto atavaa nguo nzito.*

*Mke mwenzangu simshtaki. Yeye alikuwa karibu na gari. Sweta yake nimeitia doa mimi, na nitaifua.*

*Tena naarifu kwamba pazia la dirisha la gari hilo, la buluu, lenye maua ya asumini, ni kazi ya mikono yangu, na sikumpa mtu. Vyovyote atakavyohukumu Mheshimiwa katika hayo mengine, naomba pazia lirudishwe kwangu leo kabla ya magharibi. Likipanda tena, litapanda nami.*