Mwanamke Aliyeniomba Niandike Jina Lake

Ukitaka kucheka, cheka. Mimi mwenyewe ningesimuliwa ningecheka. Lakini haya yalinipata mimi, mchana, mjini Arua, huku Uganda, na sikuwa mgonjwa wala sikuwa na usingizi.

Ni mwalimu wa shule ya msingi. Naishi Awindiri, mtaa wa hapa mjini, ila kwetu ni Koboko, kwa Wanubi. Mwaka ule nilikuwa nasomea shahada, na utafiti wangu ulihusu jinsi wanawake wa West Nile, eneo letu hili, walivyopata haki ya kupiga kura. Kila Jumamosi nilishinda maktabani. Unajua niliambulia nini? Vitabu vizima juu ya akina mama wa Kampala, na picha zao wamevaa kofia. Sisi tulipewa sentensi moja tu: wanawake wa huko hawakujitokeza.

Nilikuwa nainakili sentensi hiyo, mvua kubwa inanyesha nje, nikaona mwanamke mzee ameketi mbele yangu. Sikusikia kiti kikivutwa. Alikuwa peku, nyayo zimepasuka kwa mwendo, na mvua yote ile haikumgusa hata tone.

Akaweka kidole juu ya kitabu. "Hii ni uongo," akasema. "Sisi tulikuja."

Akanieleza polepole, kama mtu anayetoa ushahidi. Walitoka Koboko kwa miguu mpaka Arua, kundi la wanawake, wakajiandikishe kupiga kura. Karani akamuuliza kila mmoja ni mke wa nani, akaandika jina la mume. Yeye alikuwa mjane. Karani akamwambia hana pa kumwandika, arudi nyumbani.

"Haboba, nikusaidie nini?" nikamuuliza. Ndivyo tunavyowaita bibi zetu.

"Andika jina yangu. Si ya bwana. Mimi iko na yangu."

Akalitaja, nikaliandika kwenye daftari. Nilipoinua macho, kiti kilikuwa kitupu. Nikamuuliza mkutubi yule mama ametokea mlango gani. Akanitazama kwa huruma, akasema tangu mvua ianze hakuna aliyeingia, na kwamba nilikuwa nikizungumza peke yangu.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Koboko na daftari langu. Kwa kuulizauliza nikafika kwa ajuza mmoja kipofu, binti wa pekee wa yule mwanamke. Akaniambia ni kweli, mama yake alikwenda Arua, akanyeshewa njiani akirudi, akafika anatetemeka kwa homa, wala hakumaliza wiki. Nikamsimulia niliyoyaona.

"Amekuja kwako," akasema. "Mimi mutoto yake, namungoja tangu udogo. Kwangu hakukuja hata siku moja."

Nikamwahidi kwamba jina la mama yake litachapishwa.

Sasa sikia uchungu wenyewe. Msimamizi wangu chuoni, mwanamke kama mimi, alipiga mstari ukurasa wote uliokuwa na jina lile. Akauliza chanzo changu ni kipi, maana neno la ajuza mmoja halikumtosha. Ningemwambia mzimu? Nilitaka shahada. Nikalifuta jina, nikaweka ile sentensi ya kitabuni, nikafaulu vizuri.

Siku ya mahafali, nikiwa nimevaa joho, nilijaribu kulitaja jina lile. Halikuja, hata herufi ya kwanza. Nikarudi nyumbani nikafungua daftari. Kurasa zote zilikuwa na mwandiko wangu. Ule mmoja nilioandika jina lake ulikuwa mweupe, kama haujawahi kuguswa na kalamu. Nikakimbilia Koboko. Nikakuta yule binti amezikwa wiki iliyotangulia. Wajukuu wake wakaniambia mama wa bibi yao walimjua kwa neno haboba tu, na kaburi lake halina maandishi.

Miaka imepita. Utafiti wangu umewekwa kwenye rafu, wanafunzi wanaunukuu, na mimi bado nawauliza wazee wa Koboko, ambao wanapungua. Hakuna anayelikumbuka. Naye hajanitokea tena, ingawa nimeketi mahali pale pale mara nyingi nikimsubiri nimwombe radhi.

Basi wewe unayekwenda kutafuta habari za wanawake waliotutangulia, nakuonya. Akikujia mmoja na jina lake, usimwahidi chochote kama unaogopa alama za chuo. Na ukishaliandika, siku hiyo hiyo mtafute mtu mwingine, mwambie alitamke kwa sauti mpaka alizoee. Usilibebe peke yako.